Nimekatazwa Kusema

Jumatatu, 2 Juni

Kipindi cha kwanza, kusoma. Sauti imekata kabla ya mapumziko. Darasa la kwanza limejaa hadi mlangoni, na mimi mbele nakwaruza kama redio iliyoishiwa betri. Nimegonga meza kwa rula mpaka rula ikavunjika. Mtoto mmoja, mstaarabu kabisa, kanyoosha mkono kuniuliza kama nimemeza chura. Wenzake wakacheka. Sina la kumlaumu. Ndivyo ninavyosikika.

Haya si mafua tena. Mafua hayakai tangu Pasaka.

Mwalimu mkuu kanishauri nitumie filimbi. Irabu hazifundishwi kwa filimbi.

Jioni nimepanda kutoka shuleni Rau, nikapitia nyumba ya chini kumwona mama mkwe. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, kwa hiyo mtu humjua kwa sauti. Leo kanidhania mimi ni mzee Aloyce jirani. Alipogundua ni mkwe wake akakunja uso, akasema ni kimeo. Kimeo kimerefuka, kinalala juu ya ulimi, kikatwe. Kwake kila kitu ni kimeo. Mtoto akikohoa, kimeo. Akitapika, kimeo. Asiponenepa, kimeo. Marehemu mume wangu alikatwa, wadogo zake wote walikatwa, na nadhani mbuzi wamesalimika tu kwa sababu hawakubali kupanua mdomo.

Alhamisi, 5 Juni

Kila mwenye koo ni daktari wa koo. Mwalimu wa la tano: asali na ndimu. Mwalimu wa michezo: maji ya chumvi, sukutua mara nyingi uwezavyo. Mama wa chai: mafuta ya kondoo, kijiko kizima, usipumue. Nimefuata yote. Kichefuchefu nimepata, sauti sijapata.

Kesho shule zinafungwa. Afadhali.

Mwalimu asiye na sauti ni kitu gani? Watanipeleka stoo nikapange vitabu mpaka nistaafu. Na hilo ni jambo dogo. Naogopa saratani. Basi, nimeiandika, haijanimeza.

Jumamosi, 7 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwangu. Mimi ndiye mwimbishaji tangu zamani, leo nimeanzisha wimbo na haukutoka. Umetoka upepo. Mama mmoja akaudaka haraka kwa huruma, na huruma hiyo ikaniudhi kuliko kama wangenyamaza.

Tulipokuwa tunamalizia chai gari likaingia. Shemeji Prosper, mdogo wa marehemu, anayeshinda Holili akipitisha mizigo ya watu mpakani. Anataka kila jambo lipite haraka kama lori lenye karatasi zote. Kaleta mgeni. Mzee mwembamba mwenye mkoba, kamtoa Bomang'ombe, bila kuniambia hata nusu neno. Fundi wa vimeo. Kafungua mkoba hapo hapo barazani, mbele ya jumuiya nzima na rozari zao: kijiko kirefu na kisu kilichopinda. Akaniambia nikae kwenye mwanga.

Nimekataa. Nimekataa kwa sauti ya chura, lakini wamesikia.

Prosper kanuna, kwamba nimemwaibisha mbele ya mzee wa watu. Mama mkwe kasema watoto wake wote walikatwa vimeo na wote wanaongea vizuri. Ni kweli, na wengine wanaongea kupita kiasi. Nimewaambia ninakwenda hospitali, neno la mwisho. Fundi wala hakukasirika. Kapewa mkungu wa ndizi kwa usumbufu. Mama mkwe kamsindikiza mpaka kwenye geti na wakasimama huko muda mrefu. Nadhani alikuwa anamwomba radhi kwa niaba ya mkwe wake mkaidi.

Jumanne, 10 Juni

Foleni tangu asubuhi. Mbele yangu mchungaji mmoja naye kakauka sauti. Tumekaa bega kwa bega kama mabubu wawili.

Daktari wa koo ni binti mdogo, umri wa binti yangu Witness. Nilishaanza kukata tamaa nilipomwona, halafu nikajionea aibu. Kanipulizia dawa ya ganzi puani, kapitisha waya mwembamba wenye kamera. Machozi yamenitoka bila kuniomba ruhusa. Nimeona koo langu mwenyewe kwenye skrini. Nyuzi mbili nyeupe, zinafunguka na kufunga kama mlango wa mabawa mawili. Na kwenye uzi wa kushoto kuna kitu. Chekundu, kinang'aa kama tunda dogo la kahawa.

Kanichorea kwenye karatasi, na nitakiri kwamba anafundisha vizuri. Kitu hicho ni uvimbe, wanauita polipu. Kinawapata wanaolazimisha sauti: walimu, wahubiri, wapiga debe. Moshi wa kuni unaongezea. Nyuzi zikitaka kukutana ili sauti itoke, kinyama kinakaa katikati, upepo unavuja, ndiyo maana nakwaruza. Kuna watu wanaota vinundu viwili vidogo, hao mara nyingi hupona kwa kupumzika na kufundishwa upya kuongea. Kuna wengine wanaota vitu kama chunjua kwa sababu ya kirusi, hivyo hukatwa na kurudi. Changu ni kimoja, kimekomaa, hakitaondoka kwa asali. Kinatolewa kwa kupitia mdomoni, nikiwa usingizini, hakuna kisu nje ya shingo.

Nikamuuliza kuhusu kimeo, nipate silaha ya nyumbani. Akaweka alama mbili kwenye mchoro. Kimeo huku juu, nyuma ya mdomo. Nyuzi za sauti kule chini, ndani ya kongomeo. Hawajuani. Ukikata kimeo unapata kidonda, damu na pengine usaha, na uvimbe unabaki pale pale.

Halafu nikamuuliza lile lingine. Kwa macho haionekani kuwa saratani, kasema, lakini macho si maabara. Watakipeleka kikapimwe.

Na baada ya upasuaji ni kimya. Kimya kabisa, mpaka yeye aseme. Hata kunong'ona hapana, kwani kunong'ona kunakaza nyuzi. Kidonda kibichi ukikitikisa kinaacha kovu, na kovu ndilo linaloua sauti moja kwa moja. Akacheka: mwalimu, utaweza? Nikamwambia nitaweza. Nimesema uongo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaonyesha mchoro. Prosper kaushika juu chini. Mama mkwe hawezi kuuona, nikashika kidole chake nikakipitisha kwenye shingo yangu: hapa, mama, si huko. Akaguna. Watu wa hospitali wanapenda kukata, kasema. Mwanangu walimkata, hakurudi. Mume wangu alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, lakini kwa mama aliyezika mtoto, hospitali ni ile ile.

Tangu wiki hii ananiletea mtori wa ndizi na nyama kila jioni, eti nipate nguvu. Mtori wake ndio pekee ninaouheshimu. Lakini leo mchungu, na jana vilevile. Labda ndizi. Labda mdomo wangu. Nimeumaliza kwa adabu. Kiungulia kinanichoma.

Witness kapiga simu kutoka Dar. "Mama usi-stress, ni procedure ndogo tu, nime-google." Nimemwambia basi waambie google wanipasue. Hakusikia. Hakuna anayenisikia siku hizi.

Jumanne, 17 Juni

Nimelazwa. Kesho ndio kesho.

Muuguzi kaniuliza maswali yake. Mzio? Hapana. Presha? Hapana. Dawa za kienyeji? Hapo nikaketi vizuri nikajibu hapana kwa majivuno, kama vile nimeulizwa kama naiba. Mimi mtu wa shule.

Naogopa sana. Mto unanuka sabuni ya unga.

Alhamisi, 19 Juni

Wamekitoa. Koo linawaka. Daktari kaweka kidole mdomoni kwake: shhh. Damu ilitoka zaidi ya alivyotarajia, ikawasumbua kidogo, ila imekoma. Hajui kwa nini.

Nimepewa maji. Kumeza ni kazi ya kutwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nyumbani. Nimechukua ubao mdogo wa darasani na chaki, nimeufunga kamba, nimeuvaa shingoni. NIMEKATAZWA KUSEMA. Herufi kubwa, mwandiko wa darasa la kwanza, asiyeelewa shauri yake.

Hakuna aliyeelewa.

Watu wanaponiona siongei wanadhani pia sisikii. Wananipigia kelele. Mama wa jumuiya kasimama hatua moja kutoka kwangu akaniuliza POLE UNAENDELEAJE mpaka kuku wakakimbia. Watoto wa njiani wanasema shikamoo, mimi napunga mkono kama mgombea ubunge, wanabaki wamesimama wakisubiri marahaba yao. Mmoja karudia mara tatu. Nilitamani kumwitikia huyo kuliko ninavyotamani chakula.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwake nilipopita. Kasema, "Mama Witness, umerudi?" Nimemshika mkono, nikaupapasa. Vidole vyangu vimemwambia nini sijui. Kautoa mkono wake taratibu, akaingia ndani.

Jumatatu, 23 Juni

Mama mkwe hajapanda. Jana wala leo. Mtori hakuna. Nimeteremka, nimekuta mlango umerudishiwa. Nimegonga. Akauliza nani. Sasa nimjibu nini? Nikagonga tena. Akauliza nani. Tumefanya hivyo mpaka nikachoka nikarudi zangu. Upumbavu mtupu.

Jumanne, 24 Juni

Prosper kaja. Kakaa, kakohoa, kazungusha kofia. Halafu kaniuliza tumekukosea nini, shemeji. Nikaonyesha ubao. Akasema hayo ya daktari ameyasikia, lakini daktari gani anamkataza mtu kuitikia salamu ya mama yake? Dereva mwenzake alipasuliwa tumbo na jioni ile ile alikuwa anagombana na wauguzi. Mama halali, kasema. Mama anasema umemnunia.

Nikafuta ubao nikaandika: SIJAKASIRIKA.

Akausoma. Akasema ndivyo wanavyosema waliokasirika.

Nimetamani kumpiga na ubao. Huku kwetu mtu akinyamaza, ana neno. Nyumba nzima inageuka upelelezi, kila mtu anapekua dhambi zake. Mimi nina kidonda tu kwenye uzi wa sauti. Sina neno na mtu.

Alhamisi, 26 Juni

Sasa ninalo.

Nimeandika mstari huo kisha nimezunguka nyumba kwanza. Nianze upya.

Walikuja saa nne asubuhi, mama mkwe na Prosper. Mama kavaa kitenge cha Pasaka. Mkononi ana jani la isale, limefungwa fundo. Nilidhani linapelekwa kwa mtu mwingine, wanapita tu. Akasimama mlangoni, akakataa kiti, akalinyoosha kwangu.

Isale ni isale. Ukiletewa umeombwa msamaha mbele ya walio hai na waliolala, hugeuzi uso. Lakini mkubwa kumletea mdogo, mama kumletea mkwe wake, sijaona tangu niolewe. Nimesimama kama nguzo.

"Mwanangu," akasema, "dawa ya yule fundi niliiweka mimi kwenye mtori. Kila siku, mpaka ulipokwenda kulazwa. Nilitaka hicho kinyama kinywee chenyewe wasikukate. Sasa wamekukata, na umeacha kunisemesha, na una haki."

Mimi sikuwa nikijua. Nilikuwa sijui chochote. Ningekufa bila kujua.

Nikaandika: DAWA GANI. Prosper akasoma. Unga wa mizizi, akasema mama, mizizi gani hajui, fundi alimpa pale getini ikiwa kwenye karatasi. Pale getini! Nami nikadhani anamwomba radhi.

Nimekasirika mpaka masikio yanavuma. Ule uchungu. Kiungulia. Damu iliyowasumbua na daktari hajui kwa nini. Na mimi nimekaa wima mbele ya muuguzi, hapana, mimi mtu wa shule. Ningeweza kubaki kwenye meza ya upasuaji nikiwa na majivuno yangu. Nilikuwa na maneno ya kujaza ubao wa darasa, na nilichokuwa nacho ni kijibao cha kuandikia irabu.

Nikaandika: NINGEKUFA. Prosper akalisoma kimya, akakataa kulisema. Nikamwonyesha kidole: soma. Akamwambia mama kwamba nimesema hakuna shida. Nikampokonya ubao. Mama akasema, "Usinidanganye, Prosper. Sitaki maandishi. Nataka nimsikie mwenyewe."

Na mkono wake bado umenyooshwa na jani.

Sikulipokea. Wameondoka nalo. Ndivyo ilivyokuwa, na siandiki kitu kingine.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemwandikia Witness ujumbe, naye kazungumza na daktari kwa simu. Kwanza alilia, kisha akapiga. Daktari kasema unga wa namna hiyo waweza kufanya damu isigande vizuri, haiwezekani kujua bila kuuona, kama umebaki upelekwe. Kilichopita kimepita, nisimamie kidonda. Nisiseme. Nisiseme hasa nikiwa na hasira, kwa sababu mwenye hasira hakumbuki kuongea polepole.

Huyu binti ananijua.

Karatasi ya dawa imeshachomwa. Prosper kasema mama aliitia motoni ile siku nilipolazwa.

Jumamosi, 28 Juni

Jumuiya wamekuja kuniombea. Mmoja wao kaomba Mungu aulainishe moyo mgumu. Hakutaja wa nani, ila alifumbua jicho moja. Kwa hiyo habari imeshafika. Mimi ndiye mwenye moyo mgumu. Mimi niliyelishwa mizizi.

Mchana kaja Prosper, safari hii bila kofia. Mama hali. Anakunywa chai kavu. Vidonge vyake vya presha vinataka chakula, hataki, anasema mkono wake umeharibu chakula, haustahili kupika wala kula mpaka asikie neno kutoka kinywani mwangu. Neno moja tu, shemeji, kasema Prosper. "Samehe" ni neno dogo.

Hasira zimenipanda. Mimi ndiye mgonjwa na mimi ndiye wa kubembeleza. Nikiongea, naharibu koo. Nisipoongea, naua mama mkwe. Kila mtu anataka kipande cha sauti yangu na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari nayo nilipokuwa ninaimaliza kwa watoto wao.

Na majibu ya maabara bado. Kila simu ikiita nadhani ni wao. Naogopa na sina hata pa kupigia kelele.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda misa. Nimeteremka nyumba ya chini.

Mlango ulikuwa wazi. Amekaa jikoni kwenye kigoda, moto umezimika, isale liko mapajani limeanza kujikunja. Amekonda kweli. Mtu mwenyewe alikuwa mdogo tangu zamani. Akainua uso kwenye kivuli changu akasema jina langu, si Mama Witness, jina langu lenyewe, Leokadia, ambalo hajalitumia tangu harusi.

Nilifungua mdomo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaiona ile skrini, uzi wa kushoto, kidonda kibichi. Nikaufunga.

Nikalichukua lile jani mapajani mwake. Kwa mikono miwili. Alilisikia likiondoka, akashika hewa. Akasubiri neno. Neno halikuja, nikaona uso wake unanywea tena. Jani peke yake halikumtosha. Mkaidi huyu! Basi nikakasirika upya, na ile hasira ndiyo iliyonipa akili.

Nimekoka moto. Nimekata ndizi kwenye mgomba wa nyuma, nimeziweka kwenye beseni, nimempa kisu, nimemwekea sufuria mbele ya magoti. Akaelewa, akatikisa kichwa: hapana, si kwa mkono wangu. Nikamshika ule mkono nikauweka kwenye kisu. Tukavutana kidogo. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nimeshashikisha watoto penseli maelfu ya siku.

Akamenya. Anamenya kwa kupapasa, haraka kuliko mimi ninayeona. Nyama ilikuwepo, aliyoleta Prosper. Akapika mtori kama apikavyo, bila kuniruhusu kugusa mwiko, na mimi nikakaa kwenye gunia nikipigwa na moshi ambao nimekatazwa.

Nikapakua bakuli moja, la kwangu. Nikala mbele yake. Bado kumeza kunauma. Hakuona, lakini alikuwa ameinamisha sikio anasikiliza kila funda. Nilipomaliza akanyoosha mkono, akapitisha vidole ndani ya bakuli, chini mpaka pembeni, akihakikisha hakuna kilichobaki.

Kisha akasema leo chumvi imepungua, na yeye apewe la kwake.

Kala mabakuli mawili. Kameza vidonge. Nimerudi nyumbani nimelala mchana kutwa. Bado nimekasirika. Isale nimelitia kwenye glasi ya maji dirishani.

Jumatano, 2 Julai

Majibu. Si saratani. Polipu ya kawaida, haina ubaya, haisambai, imetoka yote. Daktari alisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naangalia mdomo wake tu. Nimelia mpaka akanipa kitambaa cha mezani kwake.

Kisha akanigombeza. Mimi! Kuhusu mtori! Kasema mgonjwa ajue anachokula. Nikamwandikia: MCHAWI WANGU HANA MACHO. Akacheka, akajikaza, akarudi kwenye ukali.

Kamera tena. Kidonda kimefunga vizuri, uzi umenyooka. Sema aaa, mwalimu. Nikasema. Imetoka nyembamba, ngeni, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Lakini haikukwaruza. Nitaanza na dakika tano kwa siku, sentensi fupi, polepole, maji mengi, kuni hapana. Shule zikifunguliwa nisirudi darasani bila kipaza sauti kidogo cha kuvaa. Nikilazimisha sauti, uvimbe mwingine utaota. Nitamwambia mwalimu mkuu, na akitaja filimbi sijui nitafanya nini.

Njia nzima nimekuwa nikiitunga hotuba. Dakika tano zinatosha ukizipanga. Kwanza mizizi. Pili kimeo na mchoro wake. Tatu muuguzi na ile hapana yangu. Nne Prosper kutafsiri uongo. Tano, asirudie tena maisha yake yote. Nimeipunguza, nimeinoa, ni hotuba nzuri. Nimefika mama hayupo, kaenda kwa Prosper kulala. Dakika zangu tano za leo nimempa Witness kwenye simu. Akauliza mara mbili kama ni mimi.

Ijumaa, 4 Julai

Baridi. Mlima umefunikwa tangu asubuhi.

Mama karudi. Tumetandaza maharage uani kwenye turubai, yeye upande wake, mimi upande wangu, tunachambua. Yeye anatafuta mawe kwa vidole. Haniulizi kitu. Mimi nina hotuba yangu tayari kinywani, nasubiri tu amalize kuimba wimbo wa kanisa ambao hamalizi.

Upepo ukageuka. Tone likanigonga kwenye mkono, lingine kwenye turubai.

"Mama, mvua," nikasema. "Tuanue maharage."

"Nimeisikia," akasema, akainama akashika pembe ya turubai. Nami nikashika yangu. Nikavuta, upande wake haukuja. Nikainua macho. Amesimama na ile pembe mkononi, uso ameuelekeza kwangu, na matone yanamwangukia.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Maharage yamelowa kidogo.